Kitabu Hakina Miguu

Wazee wetu walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli katika mambo mengi, lakini ukiichukua ukaenda nayo katika biashara ya vitabu itakupoteza njia. Katika biashara hiyo kizuri hakijiuzi. Kitabu kizuri kikiachwa peke yake hukaa ghalani kikaliwa na mchwa, na mwandishi wake akafa asijulikane na jirani zake. Kitabu hakina miguu. Ni lazima apatikane mtu wa kukichukua na kukifikisha kwa msomaji. Nataka tutazame pamoja, ewe msomaji, mtu huyo ni nani na kazi yake huifanya vipi. Wala mfano wetu hatutautafuta London wala New York. Upo katika mji wa Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria.

Ikiwa unakaa Migosi, au umepata kufika huko, waijua njia ya kushukia mjini. Siku ya Jumapili mtu akipita soko la Kibuye huona ulimwengu mzima wa biashara umetandazwa mbele yake. Mwuza omena ana gorogoro lake mkononi, mwuza nguo kuukuu anapaza sauti, mwuza vyungu amekaa kimya akijua kwamba anayetaka chungu atakuja. Kila mmoja anayo desturi yake ya kuita wanunuzi. Lakini wote hawa wamepewa msaada mkubwa na maumbile: njaa huwaletea mnunuzi kila siku. Aliyenunua omena leo atanunua tena keshokutwa. Mwuza vitabu hana msaada huo. Mtu aliyenunua hadithi moja hainunui tena hadithi ile ile maisha yake yote. Tena hakuna aliyekufa kwa kukosa hadithi. Kwa hiyo kila kitabu kipya ni bidhaa mpya isiyojulikana, nayo yahitaji kutambulishwa kwa watu tangu mwanzo, kama mgeni aingiapo kijijini.

Hapo zamani kazi ya kumtambulisha mgeni huyo katika nchi ya ziwa ilifanywa na wamisionari. Shule ya Maseno, si mbali na Kisumu, ilianzishwa katika mwaka 1906, na vitabu vya kwanza vilivyosomwa na watu wengi pande hizo vilikuwa vya dini na vya kufundishia kusoma. Havikuwa na shida ya kutafuta wanunuzi, kwa kuwa darasa na kanisa vilikuwa duka lao. Baadaye, mwaka 1948, serikali za kikoloni ziliunda East African Literature Bureau, ofisi iliyochapisha vitabu katika lugha nyingi za Afrika ya Mashariki na kuendesha maktaba, hata ikapeleka vitabu kwa posta na kwa masanduku mpaka mahali pasipo na duka. Ofisi hiyo ilifanya kazi nzuri, walakini ilikuwa ni ofisi ya wakubwa: wao ndio walioamua kipi kinafaa kusomwa na watu.

Wenyeji nao hawakukaa bure. Mwaka 1947 Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, pamoja na wenzake, waliandikisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation. Ili kupata mtaji ilibidi wasafiri kutoka mji mpaka mji wakiwaomba Waluo wenzao wanunue hisa. Shirika hilo lilijishughulisha pia na kupiga chapa, na katika miaka hiyo watu walikuwa wakisoma gazeti la Kiluo lililoitwa Ramogi, ambalo jina la Achieng Oneko halitenganiki nalo. Tazama basi somo la kwanza la habari yetu. Watu hawa hawakungoja wanunuzi waje Kisumu. Waliwafuata walikokuwa, wakasema nao kwa lugha yao, wakawauzia wazo kabla ya kuwauzia karatasi.

Somo la pili lilipatikana Kampala. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika Chuo Kikuu cha Makerere. Miongoni mwao alikuwamo Grace Ogot, mwanamke wa Nyanza aliyekuwa muuguzi na mtangazaji wa BBC huko London, naye alisoma hadithi yake mbele ya wenziwe. Alipotazama vitabu vilivyotandazwa pale kuonyeshwa wageni, hakuona kazi ya waandishi wa Afrika ya Mashariki. Meza ilikuwa imejaa, lakini sisi hatukuwapo. Jambo hilo lilimchoma. Mwenyewe alipata kueleza baadaye kwamba alipopeleka hadithi zake kwa Literature Bureau, meneja alistaajabu jinsi Mkristo awezavyo kuandika habari za kafara na waganga. Usifikiri kwamba hadithi zilikuwa mbaya. Hapakuwa na mtu wa kuziweka mezani.

Mtu huyo alipatikana ilipoanzishwa East African Publishing House mjini Nairobi katika mwaka 1965. Mwaka uliofuata nyumba hiyo ilitoa riwaya ya Grace Ogot iitwayo The Promised Land, na pia kitabu cha vijana kiitwacho Jande's Ambition, kilichoandikwa na mwanamke mwingine wa nchi ya ziwa, Asenath Bole Odaga. Huyu wa pili ndiye tutakayemfuata zaidi, maana hakuridhika na kuwa mwandishi tu.

Asenath Bole Odaga alizaliwa Rarieda mwaka 1937. Alikuwa mwalimu, akafanya kazi katika huduma ya maktaba, akafanya kazi ya matangazo katika gazeti la East African Standard, kisha akawa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akikusanya na kuchunguza fasihi simulizi. Zitazame kazi hizo nne kwa uangalifu. Mwalimu amjua msomaji mchanga. Mkutubi ajua ni kitabu gani huombwa na kipi hulala rafuni. Mwandika matangazo ajua maneno yamfanyayo mtu asimame na kutazama. Mtafiti ajua hadithi zilizo katika vinywa vya watu. Mtu akitaka kujifunza kazi ya uchapishaji hawezi kupata shule iliyo bora kuliko hiyo.

Basi katika mwaka 1982 alianzisha Lake Publishers and Enterprises mjini Kisumu, tena akawa na duka la vitabu alilolipa jina la Thu Tinda. Nairobi ilikuwako, mbali kiasi cha kilomita 350, na huko ndiko zilikokuwa nyumba kubwa, mitambo mikubwa, magazeti na wizara. Kila mtu mwenye akili ya biashara angalimshauri abaki huko. Yeye alirudi ziwani.

Jambo la kwanza la kujifunza katika kazi yake ni jina la duka lile. Kwa Waluo, thu tinda ni maneno asemayo msimuliaji anapomaliza hadithi yake usiku. Hapana Mluo aliyelelewa na bibi yake asiyeyajua. Jina kama hilo likiandikwa juu ya mlango wa duka humfanya mpita njia akumbuke moto wa jioni, sauti ya bibi, na watoto wenziwe waliolala kabla ya mwisho. Tangazo limekwisha fanya kazi yake kabla ya yeye kuingia ndani, na halikugharimu zaidi ya rangi ya kuandikia.

Jambo la pili ni uchaguzi wa habari zenyewe. Mchapishaji mdogo hana fedha za kuwafundisha watu jina geni, kwa hiyo huanza na jina wanalolijua. Odaga alitoa mchezo wa kuigiza uitwao Simbi Nyaima, juu ya kile kisa cha kijiji kilichomnyima kikongwe ukarimu kikamezwa na maji, na ziwa lake dogo bado laonekana karibu na Kendu Bay. Vilevile alitoa kwa Kiluo kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi aliyetajirishwa na kikongwe aliyemvua kwa wavu, kisha akautupa utajiri huo kwa ulevi na matusi. Ajabu ni kwamba Grace Ogot naye aliandika Simbi Nyaima kwa Kiluo, kikatolewa mwaka 1983 na Anyange Press, nyumba nyingine ndogo ya Kisumu hiyo hiyo. Nyumba mbili katika mji mmoja zilitoa kisa kimoja katika muda wa miaka miwili! Labda utasema kwamba huko ni kugombea mnunuzi mmoja. Mimi naona kwamba kila kitabu kilimtangaza mwenziwe, kwa sababu kisa kinachosimuliwa na wawili huzungumzwa na wengi.

Jambo la tatu ni shule. Baada ya mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika Nairobi School mwaka 1974, fasihi simulizi ilianza kupata nafasi yake katika masomo ya sekondari. Walimu wengi waliamriwa kufundisha jambo ambalo wao wenyewe hawakufundishwa, nao walihitaji vitabu. Odaga, pamoja na Kichamu Akivaga, aliandika kitabu cha somo hilo kilichotolewa na Heinemann mwaka 1982. Na mwaka 1984 nyumba yake mwenyewe ikatoa Yesterday's Today, juu ya uchunguzi wa fasihi simulizi. Hapa ndipo hekima ya biashara inapoonekana. Kitabu cha shule hununuliwa kwa makumi, nacho huleta fedha. Fedha hizo ndizo zinazoweza kulipia riwaya isiyotakiwa na mtahini, kama The Shade Changes ya mwaka 1984, au Riana ya mwaka 1987. Ng'ombe wa maziwa ndiye amlishaye ndama.

Sasa yafaa tufungue daftari la hesabu, maana wengi husifu vitabu bila ya kujua namna vinavyoishi. Tuseme kitabu kimewekewa bei ya shilingi 300. Mwenye duka hutaka faida yake, na si ajabu ikafika theluthi moja, yaani shilingi 100. Mwandishi hupata mrabaha wake, tuseme sehemu ya kumi, yaani shilingi 30. Zimebaki shilingi 170, na katika hizo mchapishaji atalipia karatasi, mtambo, jalada, mhariri, ghala na nauli. Akichapa nakala 500 tu, kila nakala humgharimu sana, kwa kuwa kazi ya kutayarisha kurasa ni ile ile kwa nakala moja au elfu. Akichapa nakala 3,000, kila moja humgharimu kidogo, lakini je, atawapata wapi watu 3,000? Tena wenye maduka wengi hawakubali kununua kitabu cha mtu asiyejulikana. Hukichukua mali kauli: kikiuzwa watalipa, kisipouzwa watakirudisha, pengine baada ya mwaka, pembe zimekunjika na jalada limepauka kwa jua. Kwa muda wote huo fedha za mchapishaji zimelala katika rafu ya mtu mwingine.

Ukiisha kuifahamu hesabu hiyo, utaelewa kwa nini duka la Thu Tinda halikuwa pambo. Mchapishaji mwenye duka lake huibakiza mikononi mwake ile theluthi ya bei. Vitabu vyake hukaa mbele, si nyuma ya daftari na kalamu. Naye huiona sura ya mnunuzi, akamsikia anauliza nini na anarudisha nini. Nyumba kubwa hulipa watu kuuliza maswali hayo. Yeye huyapata bure, akiwa amesimama nyuma ya meza.

Njia nyingine za mchapishaji mdogo ni za miguu na ulimi. Huenda shuleni akampa mwalimu nakala moja bure, akijua kwamba mwalimu mmoja akikipenda kitabu hununuliwa na darasa zima. Humpeleka mwandishi akae mbele ya wanafunzi asome kurasa mbili na kuacha mahali patamu. Huomba nafasi redioni, na katika nchi ya ziwa redio ina nguvu kuliko gazeti, kwa kuwa masikio ni mengi kuliko macho yaliyofundishwa kusoma. Grace Ogot alilijua jambo hilo vizuri, maana sauti yake ilisikika redioni kabla ya jina lake kuonekana juu ya jalada. Hakuna hata moja katika njia hizo itakayo fedha nyingi. Zote zataka mtu asiyeona haya kukitembeza kilicho chake.

Lakini nisikudanganye, msomaji, kwa kukuonyesha mchana tu na kuficha usiku. Mchapishaji wa Kisumu alikuwa na vizuizi ambavyo bidii peke yake haikuweza kuviondoa. Mwaka 1985 Kenya ilianza mfumo wa elimu wa 8-4-4, na vitabu vya kiada vikawa kwa kiasi kikubwa mali ya mashirika mawili ya serikali, Jomo Kenyatta Foundation na Kenya Literature Bureau. Kwa miaka mingi mlango wa shule, ambao ndio mlango mkubwa, ulifunguliwa nusu tu kwa wengine, mpaka sera mpya ya mwaka 1998 ilipoleta ushindani. Mwaka 2013 sheria ya kodi iliweka asilimia 16 juu ya bei ya vitabu. Na tangu mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka moja kwa moja mashuleni. Wanafunzi wengi walinufaika, na si haki kulikana jambo hilo; walakini maduka ya miji midogo yalipoteza mauzo yaliyokuwa yakiyalisha, na duka likifungwa, hadithi nayo hukosa mahali pa kuonekana.

Tena palikuwa na tatizo la lugha. Odaga aliandika kwa Kiingereza na kwa Kiluo, akatunga na kamusi ya lugha hiyo. Kitabu cha Kiluo chasemwa na moyo wa msomaji wake, lakini mtihani haukiulizi, na mzazi mwenye shilingi chache hununua kile kitakachoulizwa. Ndiyo maana kitabu cha lugha ya nyumbani huuzwa polepole. Mwenye kukitoa hana budi kuwa na subira ya mpanda miembe, si ya mpanda mchicha.

Subira hiyo twaiona pia katika historia ya Anyange Press. Nyumba hiyo ilitoa upya kitabu cha Chifu Paul Mboya juu ya desturi za Waluo, ambacho kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1938. Kwa nini kukirudia kitabu cha zamani namna hiyo? Kwa sababu wanunuzi wake walikwisha kuwako: watoto na wajukuu wa waliokisoma, waliosikia kikitajwa katika mabishano ya harusi na mirathi, lakini hawakuwa na nakala. Baadaye nyumba hiyo hiyo ilitoa vitabu vya mwanahistoria Bethwell Allan Ogot, mume wa Grace, pamoja na tawasifu yake ya mwaka 2003 na historia ya watu wasemao Kiluo ya mwaka 2009. Vitabu kama hivyo havitangazwi kwa kelele. Hutangazwa na mwanachuo mmoja anayemwambia mwingine, na na kila anayetaka kujua alikotoka. Mauzo yake ni kama mvua ya rasharasha, lakini huloweka ardhi.

Basi tuseme nini mwishoni? Asenath Bole Odaga alifariki mwezi wa Desemba 2014, na Grace Ogot akamfuata Machi 2015. Nyumba zao hazikuwatajirisha, wala hazikuwashinda wakubwa wa Nairobi. Lakini ile meza ya Makerere ya mwaka 1962, iliyokosa hata kitabu kimoja chetu, leo mtu akiitandaza tena hataweza kuiacha tupu. Na baadhi ya vitabu vitakavyowekwa juu yake vina neno Kisumu katika ukurasa wa mbele. Hili si jambo dogo. Mji ambao vitabu vyote huujia kutoka mbali hujizoesha kufikiri kwamba mambo ya maana hutokea mbali. Mji unaochapa vitabu vyake hujifunza kwamba kisa cha kikongwe wa Simbi chastahili karatasi na wino kama kisa cha mfalme wa Denmark.

Siku hizi kijana wa Migosi aliyeandika kitabu aweza kukitangaza kwa simu, akapokea malipo kwa simu hiyo hiyo, na kumtumia mnunuzi wa Mombasa kifurushi kwa basi. Zana zimebadilika, na ni vyema zimebadilika. Hata hivyo kazi ni ile ile ya akina Odinga na hisa zao na ya Odaga nyuma ya meza yake: kumjua msomaji, kumfuata aliko, kusema naye kwa maneno ayajuayo, na kungoja.

Nimesema kwamba kitabu hakina miguu. Nimemtaja mwandishi, mchapishaji, mwalimu na mwenye duka, na kila mmoja wao hukichukua hatua zake chache. Lakini hatua ya mwisho si yao. Ukikisoma kitabu kizuri cha mtu wa kwenu, ukakifunga, ukakiweka sandukuni bila ya kumwambia mtu, safari yake imekwisha mlangoni pako. Ukimwambia jirani yako, kimepata miguu miwili mingine.